Tairi Lilipasuka, Kisha?

Msomaji yeyote wa magazeti ya Tanzania anaijua sentensi hii kwa moyo: tairi la mbele lilipasuka, dereva akashindwa kulimudu gari, likaacha njia na kupinduka. Kamanda wa polisi wa mkoa akishaitamka, maswali huisha. Marehemu hutajwa majina, majeruhi hukimbizwa hospitali, gari huvutwa hadi kituoni. Tairi hubaki mshtakiwa pekee, tena mshtakiwa ambaye hakuna anayemhoji.

Jumamosi ya tarehe 28 Juni 2025 sentensi hiyo ilisikika tena, safari hii kutoka Sabasaba, wilayani Same mkoani Kilimanjaro. Basi kubwa na basi dogo yaligongana na kuwaka moto, na watu wasiopungua 38 wakapoteza maisha. Taarifa za awali zilisema tairi la basi moja lilipasuka na dereva akashindwa kulidhibiti.

Lakini matairi hupasuka kila siku kati ya Tinde na Kahama, na kati ya Katoro na Geita. Mara nyingi gari huyumba kidogo, likapunguza mwendo, likasimama pembeni. Dereva anashuka na jeki, konda anatafuta mawe ya kuzuia magurudumu, abiria wanakaa kivulini wakilalamika kuchelewa. Kwa nini hili lilisimama salama na lile likaua? Lami ni ileile, mwendo unakaribiana, hata tairi huenda lilinunuliwa duka moja.

Wapo mafundi wanaoishi na swali hilo. Hawashiki spana. Wanaliunda gari zima ndani ya kompyuta, uzito wake, springi zake, upana wa magurudumu, urefu wa kitovu chake cha uzito, kisha wanaliendesha kwa hesabu tupu na kuamuru tairi moja lipasuke. Wanatazama gari linavyofanya, wanalirudisha mwanzo, wanabadilisha kitu kimoja, wanalipasua tena. Wanaoufahamu ufundi huu ni wachache na wanaousifu ni wachache zaidi. Unastahili sifa, na Shinyanga pamoja na ukanda wa dhahabu wa Geita ni mahali pazuri pa kuanzia, maana hapa wanaishi jirani watu wanaoijua kila saa ya maisha ya tairi na watu wasiojua lolote kuhusu tairi wanalolikalia.

Ufundi wenyewe unaanza kwa kuugawa muda. Tairi la gari dogo likichanika ubavuni, upepo wake huisha kwa takribani sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari husafiri mita 22 kila sekunde, kwa hiyo upepo wote unatoka kabla gari halijasogea mita tatu. Binadamu naye anahitaji sekunde nzima, mara nyingi zaidi, kutambua mlio ule ni wa nini na kuamua mikono na miguu ifanye nini. Yaani gari linakwenda mita 22 au hata 30 likiwa peke yake na sheria za fizikia. Hizo mita ndizo zinazochunguzwa.

Ndani ya mita hizo mambo matatu hutokea kwa pamoja. Gari linainama kwenye kona ya tairi lililokufa, kwa sababu mpira uliokuwa umesimama sasa umelala chini ya rimu. Gurudumu hilo linakuwa zito kubingirika, mara nyingi kuliko lilivyokuwa, na kuanza kulivuta gari upande wake. La tatu halionekani kwa macho, nalo ndilo kubwa: tairi lisilo na upepo hupoteza karibu nguvu zake zote za kulishikilia gari lisiende ubavu.

Hesabu ya kwanza inaweza kufanywa nyuma ya bahasha. Tuseme ni gari dogo la abiria aina ya Noah lenye uzito wa kilo 2,000 pamoja na abiria wachache, na kila tairi la mbele linabeba kilo 475. Tairi zima hukinza mwendo kwa kani ndogo sana, kama newtoni 56. Likipasuka, tukichukua kwamba ukinzani umeongezeka mara ishirini hivi, kani inafika newtoni 1,165, zaidi ya uzito wa gunia la kilo 100 linaloburuzwa upande mmoja tu wa gari. Kani hiyo iko sentimita 75 kutoka mstari wa katikati, na hapo tayari kuna nguvu inayotaka kuizungusha Noah. Endeleza hesabu hadi mwisho: dereva akiwa ameduwaa na usukani mkononi, baada ya sekunde moja gari limehama karibu mita moja. Baada ya sekunde mbili limehama zaidi ya mita 7. Njia moja ya barabara ya lami haizidi mita tatu na nusu.

Bahasha inatia chumvi. Imeyasahau matairi matatu yaliyobaki, ambayo hayakubali gari lizungushwe kirahisi. Kila gari linapoanza kugeuka, matairi hayo hujipinda kidogo dhidi ya lami na kulisukuma lirudi. Kujua yanasukuma kwa nguvu kiasi gani, kwa pembe gani, yakiwa na mzigo gani, ndipo bahasha inaposhindwa na programu inapochukua kazi.

Jibu linalotumika zaidi duniani lilitoka Uholanzi na Sweden. Mwaka 1987 Hans Pacejka wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, pamoja na Egbert Bakker na Lars Nyborg, walichapisha fomula moja inayochora tabia ya tairi: unavyozidi kulipinda, kani inapanda haraka, inafika kilele, kisha inaanza kushuka tairi linapoteleza. Herufi nne zinatosha kuueleza mchoro huo. B ni ukali wa mwanzo wa mpando, C ni umbo, D ni kilele, E ni namna mstari unavyojikunja karibu na kilele. Wahandisi waliipa jina la fomula ya kimiujiza, kwa sababu haielezi mpira umetengenezwa na nini wala kwa nini unafanya hivyo, lakini ukiipa vipimo vya tairi halisi inaufuata mstari wake kwa uaminifu wa kushangaza. Pacejka alifariki mwaka 2017. Hadi leo programu nyingi za mwendo wa magari zina fomula yake ndani.

Sasa ugumu unajitokeza. Vipimo vinavyoilisha fomula huchukuliwa kwenye maabara, tairi likiwa jipya, limejazwa upepo sawasawa, linazunguka juu ya mkanda wa chuma. Tairi lililopasuka ni kiumbe kingine kabisa. Linakunjika chini ya rimu, linaweza kuchomoka kwenye ukingo wake, na rimu ikigusa lami inachora alama badala ya kushika njia. Fundi asiye mwangalifu atapunguza namba moja ya upepo na kudhani amelipasua tairi. Fomula itampa jibu, kwa sababu fomula haikatai kujibu, na jibu litakuwa la uongo.

Mwaka 1998 wachambuzi watatu wa ajali Marekani, William Blythe, Terry Day na Wesley Grimes, waliwasilisha mbele ya jumuiya ya wahandisi wa magari njia ya kuuingiza mpasuko kwenye uigaji wa kompyuta wa vipimo vitatu, wakijenga juu ya majaribio ya matairi yaliyokwisha kutolewa upepo. Njia yao ni ya unyenyekevu. Wanaliacha tairi zima liwe tairi zima, wanaandaa pembeni namba za tairi lililokufa, halafu wanaiambia kompyuta ihame kutoka kundi moja kwenda jingine kwa muda uliopangwa: ugumu wa kubeba mzigo unashuka, kimo kinapungua, ukinzani unapanda, uwezo wa kushika njia unaporomoka.

Neno la kuzingatia hapo ni muda. Kompyuta huikokotoa hali ya gari upya kila milisekunde moja. Fundi akiamuru namba zote zibadilike kwa hatua moja, gari la kwenye skrini linaruka kwa kishindo, na grafu ya mwili wa gari inachomoza mwiba mrefu ambao hakuna gari la kweli lililowahi kuuhisi. Mwiba huo ni kosa la hesabu, na mtu mwenye haraka anaweza kuutangaza kuwa ndio uliompindua marehemu. Aliyeiva anazisambaza namba ndani ya milisekunde mia moja, kila moja kwa kasi yake: upepo unatangulia, kimo kinafuata, ukinzani unafika kileleni mwisho kwa sababu mpira unahitaji muda kukunjika. Halafu anaurefusha muda huo mara mbili, na anaufupisha kwa nusu. Jibu likibadilika sana kwa sababu ya chaguo lake mwenyewe, anajua bado hana jibu.

Jaribio lingine wanalolipenda ni la kioo. Lipasue tairi la mbele kushoto, hifadhi grafu. Lipasue la kulia, hifadhi. Ukiigeuza grafu ya pili juu chini, inapaswa kulala juu ya ile ya kwanza bila kuacha nafasi. Isipolala, kuna kitu kimekosewa kwenye usukani, kwenye springi, au mahali popote namba ya kushoto iliposahaulika kulinganishwa na ya kulia. Hilo ni kwa gari tupu. Mweke dereva wa kilo 75 kwenye kiti cha kulia, kama magari yetu yalivyo, na mistari miwili inaachana kwa unywele. Hapo mistari ikiendelea kulingana kikamilifu, ndipo fundi aanze kuwa na wasiwasi. Kujua tofauti ipi ni kosa na ipi ni ukweli wa gari, hakuna kitufe kinachofundisha.

Lipo pia suala la dereva. Programu maarufu ya CarSim na ndugu yake wa malori, TruckSim, zilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan. Kampuni iliyoziuza ilianzishwa Ann Arbor mwaka 1996. Katika chuo hicho Charles MacAdam alikuwa ameshatengeneza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, dereva wa hesabu: anatazama mbele kwa sekunde chache, anakadiria gari litafika wapi, anageuza usukani ili tofauti na njia iwe ndogo iwezekanavyo. Ukimweka huyo kwenye gari lenye tairi lililopasuka, ajali nyingi zinatoweka. Ukimchelewesha sekunde moja na nusu, ukamfanya ashtuke na kugeuza kupita kiasi, zinarudi. Ndivyo inavyoanza kuonekana kwamba ile sentensi ya polisi ina sehemu mbili zinazotenganika: kupasuka, na kushindwa kumudu.

Marekani waliilipia elimu hiyo kwa gharama kubwa. Mwezi Agosti 2000 kampuni ya Firestone iliyarudisha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya nyuso za matairi kubanduka zikiwa barabarani. Mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilihusisha kasoro hizo na vifo 271. Mabishano yakawaka: ni tairi, ni gari, au ni dereva? Ndipo watafiti wakaweka watu 108 kwenye kifaa kikubwa cha kuigia uendeshaji huko Iowa na kuwabandulia tairi wakiwa mwendo kasi. Ripoti ya mwaka 2003 ilionyesha kwamba madereva walioshtukizwa walipoteza udhibiti katika asilimia 55 ya matukio. Waliojua kwamba tairi linakaribia kubanduka, asilimia 20. Ikaonyesha pia kwamba tabia ya gari lenyewe, namna lilivyogawanyiwa uwezo wa kushika njia kati ya mbele na nyuma, ilikuwa na uzito mkubwa katika nani atapona.

Kutoka 55 hadi 20 kwa kujua tu. Namba hiyo peke yake inatosha kumpa kazi mwalimu wa udereva yeyote kuanzia Nzega hadi Rusumo.

Nenda sasa kwenye uzio wa mgodi. Ndani yake, iwe ni kwenye mashimo ya Nyankanga na Nyamulilima ya Geita au kwenye mgodi wowote mkubwa wa shimo la wazi, tairi ni mali yenye jalada. Lori la mgodini la daraja la tani 100 hutumia tairi la saizi ya 27.00R49, refu kuliko mtu yeyote, lenye uzito unaozidi tani moja na nusu. Linapofungwa linaandikwa, linapopoa linapimwa, likihamishwa kutoka mbele kwenda nyuma linaandikwa tena. Wahandisi wa barabara za mgodini wanalihesabia joto kwa kuzidisha mzigo wa wastani na mwendo wa wastani. Tairi linalobeba tani 12 lori likiwa tupu na tani 27 likiwa limejaa lina wastani wa tani 20 hivi, na zamu ikienda kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa, hesabu yake ni 400. Mtengenezaji ametaja kiwango ambacho tairi linavumilia. Ukikaribia, unapunguza mwendo au unafupisha safari, kabla nyuzi za ndani hazijaanza kuachana na mpira.

Kwa watu wa ukanda huu kuna hatari nyingine ambayo madereva wa nchi nyingi hawaijui. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Radi ikipiga lori la mgodini, au breki zikiunguza rimu, mpira wa ndani huanza kuokwa bila moto kuonekana. Gesi zinakusanyika, na tairi linaweza kulipuka dakika nyingi au saa kadhaa baadaye, kwa nguvu ya kuua mtu aliye mbali. Ndiyo maana miongozo ya migodini, kama ile ya Australia Magharibi, inataka lori la namna hiyo litengwe kwa saa 24 na watu wakae umbali wa mita 300. Hakuna anayelikaribia tairi hilo kwa ujasiri. Wanaliheshimu kwa sababu wameshahesabu.

Vuka geti. Kwenye barabara ya lami mchomoko, gari dogo la abiria, uliojaza watu na mizigo unapita kuelekea Kahama, ukiwa na matairi manne ambayo hayana historia. Mawili yalikuja Dar es Salaam kwenye kontena yakiwa yameshatumika. Moja lilinunuliwa kwa dereva mwingine. La nne lina kipara katikati na bado lina meno pembeni. Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kisimame mwishoni mwa miaka ya 2000, nchi imekuwa ikitegemea matairi ya kuagiza, na mengi hufika mwisho wa safari yake bila mtu kujua yalianzia wapi. Ubavuni kuna namba nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, 2316 kwa mfano ikiwa ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Ni wanunuzi wachache wanaoinama kuzisoma.

Yupo mtu mmoja nje ya uzio anayesoma matairi kwa undani, na uigaji unamhitaji kuliko anavyojua. Ni fundi tairi aliyekaa chini ya turubai pale Tinde au Isaka, na mtungi wake wa upepo na beseni la maji. Mletee tairi lililopasuka. Atalifungua, ataingiza mkono ndani na kuutoa ukiwa na vumbi jeusi laini kama masizi. Hilo limetembea siku nyingi na upepo mdogo. Ubavu ulikuwa unajisaga wenyewe kwa ndani. Atakuonyesha mkunjo uliozunguka ubavu mzima, mahali mpira ulipochoka. Kwenye tairi jingine atakuonyesha waya zilizoshika kutu kuzunguka tundu la msumari uliozibwa ovyo miezi iliyopita, maji yakapata njia. La tatu lilikatwa na jiwe, mkato msafi, mpira mzuri pande zote. Matairi matatu, na taarifa ya ajali ingeyaandika kwa neno moja. Kwa mtu wa kompyuta hayo ni matukio matatu tofauti: mkato wa jiwe humaliza upepo kwa kufumba na kufumbua, ubavu uliochoka huchanika kwa mstari mrefu, na tundu la msumari laweza kuvuja kwa nusu saa huku dereva akihisi usukani unakuwa mzito asijue sababu.

Daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025 likiwa na urefu wa kilomita 3, limeongeza kitu ambacho hesabu za matairi haziwezi kukipuuza. Zamani gari la kutoka Mwanza kwenda Geita lilisimama likisubiri kivuko, na wakati abiria wananunua samaki na karanga, matairi yalikuwa yanapoa. Sasa linapita moja kwa moja. Ni neema kubwa kwa mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Bugando na kwa mfanyabiashara wa Katoro, na hakuna anayetamani foleni ya kivuko irudi. Ila tairi lenye upepo pungufu lililokuwa likipumzika katikati ya safari halipumziki tena.

Ufundi huu hauhitaji mtaji wa mgodi. Project Chrono, programu iliyokuzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison na wa Parma, Italia, inapakuliwa bure, ikiwa na sehemu nzima ya magari na matairi. Mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoanzishwa mwaka 1975 na kinachofundisha pale Mabibo, anaweza kuanza hata bila hiyo, kwa kuandika milinganyo ya gari lenye magurudumu manne kwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Kinachokosekana ni vipimo vyetu. Magari yaliyomo kwenye mifano ya ughaibuni yana watu wawili na begi. Hayajapakiwa watu wanane na magunia ya mchele wa Kahama.

Na magunia hayo yanabadilisha kila kitu. Irudie ile Noah ya kilo 2,000: kilo 950 ziko mbele, 1,050 nyuma, na kati ya ekseli kuna mita 2.7. Ipe matairi yenye uwezo wa kushika njia wa kawaida kwa gari la namna hiyo, tuseme newtoni 90,000 kwa radiani mbele na 110,000 nyuma. Gari linatulia, ukiliacha, linapenda kwenda moja kwa moja. Sasa lipasue tairi moja la nyuma na uchukulie kwamba limebakiza robo tu ya uwezo wake. Sehemu ya nyuma inashuka hadi karibu newtoni 69,000. Tangu hapo gari lina mwendo wa kikomo. Chini ya mwendo huo dereva bado analirudisha. Juu yake, msukosuko mdogo unakua wenyewe, nyuma inaanza kuipita mbele, na kila sekunde inayopita kosa ni kubwa zaidi. Kwa namba hizi kikomo ni kilomita 87 kwa saa. Dereva anayeheshimu 80 iliyowekwa kwa magari ya abiria yuko chini yake, na nafasi yake ni ndogo lakini ipo. Anayekimbia 100 hana.

Ndiyo sababu wahandisi wa matairi husisitiza kwamba ukinunua mawili mapya, yafungwe nyuma, hata kama mbele ndiko kunakovuta. Gereji nyingi hufanya kinyume. Kwa nia njema kabisa wanafikiri usukani uko mbele, basi hatari iko mbele. Tairi la mbele likipasuka dereva anahisi mkononi mara moja na ana usukani wa kujibia. La nyuma likipasuka, usukani anao, ila ekseli iliyokufa ndiyo iliyokuwa inamtuliza, na mguu ukiruka kwenye breki uzito unakimbilia mbele na kuiacha ekseli hiyo nyepesi zaidi. Ushauri wa walimu, kwamba ushike usukani kwa mikono miwili, usikanyage breki, uache gari lipungue mwendo lenyewe, unatoka kwenye hesabu hiyohiyo.

Pakia sasa mchele. Magunia matatu ya kilo 100 yakae juu ya ekseli ya nyuma, matairi yawe yaleyale. Gari likiwa na matairi mazima, kikomo chake kiko juu ya kilomita 140 kwa saa, kwa hiyo dereva anaondoka Kahama akihisi amebeba mzigo tu, kila kitu sawa. Lipasue tena lile la nyuma. Kikomo kinaanguka kutoka 87 hadi 62. Anayekwenda 80 kwa kufuata sheria, mwenye leseni halali na gari lililokaguliwa, yuko kilomita 18 juu ya mwendo ambao gari lake linaweza kurudishwa njiani. Sogeza gunia moja mbele, likae katikati ya ekseli mbili: 67. Sogeza mawili: 74. Namba hizi ni za mfano uliorahisishwa na zitasogea pindi mtu atakapoipima Noah halisi, matairi yake ya mtumba yakiwa na upepo ule alioukuta asubuhi kituoni. Mizani ya kupimia ekseli na kipimo cha upepo cha fundi wa Tinde vinatosha kuanzia.